Orodha ya Mkunga

Jumatatu, 3 Machi

Wakili,

Wiki iliyopita nilikupigia simu mara tano, na mara zote tano nilizungumza na msaidizi wako. Mama wa watu ana adabu, simlaumu, lakini mimi ndugu yangu si yeye. Kwa hiyo nakuandikia, na bahasha hii nampa dereva wa basi la asubuhi mkononi.

Habari yenyewe ni hii: Mkunga amekubali kugombea udiwani. Wanawake watatu wamemfuata zahanati wiki nzima ndipo akakubali, na kwa sharti moja, kwamba hagombei kwa kadi ya chama chochote. Anasema miaka ishirini anapokea watoto na hajamuuliza mzazi hata mmoja kadi yake kwanza. Atasimama kama mgombea binafsi. Katiba inaruhusu. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha hilo ulipokuwa unasoma sheria, ukatuhutubia mezani mpaka mboga zikapoa.

Diwani tuliye naye unamjua. Kwenye kura za ndani za Chama alishindwa na fundi viatu, watu wakashangilia barabarani, kesho yake makao makuu wakakata jina la fundi viatu na kumrudisha yeye. Kisha tukaambiwa amepita bila kupingwa, kana kwamba mtaa mzima hatuna vinywa.

Sheria inataka wadhamini mia tatu, kila mmoja na jina, namba ya kadi ya kura, na sahihi au dole gumba. Tumepata mia tatu na kumi na wawili. Majina nimeyachapa mwenyewe hapa kwenye duka langu la kopi, mtu mmoja mmoja, wakitoka kazini. Usidhani ilikuwa rahisi. Mwenye genge la mboga aliniuliza mara tatu karatasi hii itaonwa na nani. Nikamwambia, kama nilivyowaambia wote, haitoki mikononi mwangu mpaka iingie kwa msimamizi wa uchaguzi mwezi wa tano. Mama ndiye namba moja. Alibonyeza dole, akapangusia wino kwenye fremu ya mlango wangu, akasema wa kwanza lazima awe mtu ambaye hana kazi ya kufukuzwa.

Leo naivunja ahadi ile kwa ajili yako, maana wewe ni mkono wangu mwingine, na ni mwanasheria. Nakuletea nakala uikague. Maswali yangu nimeyaandika pembeni kwa penseli. Mtazame huyu wa 118, kahamia mtaa wa pili, sijui kama anafaa. Ukimaliza nirudishie.

Dada yako

•

Jumapili, 9 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa simu. Huku tunaingia kwenye vikao saa mbili asubuhi na tunatoka hatujijui.

Orodha nimeiona. Kazi safi, kama kawaida yako. Huyo wa 118 anafaa, mradi kadi yake haijahamishwa. Nimekujibu palepale pembeni. Nakala naomba nikae nayo siku chache niipitie tena kwa utulivu, sheria hizi zina mitego.

Nakushauri jambo moja, na nakushauri kama mdogo wako, si kama mbunge: msiwe na haraka. Kuna mambo yanajadiliwa huku kuhusu wagombea binafsi. Na kusema kweli hoja si za kipuuzi. Mgombea binafsi akikosea, unamshika nani? Chama kikikosea kina ofisi, kina bendera, utakwenda kugonga mlango. Nimeona mabaraza ambayo kila diwani ni chama chake mwenyewe, hata mtaro mmoja hawakubaliani kuuchimba. Mwambie Mkunga atulie. Kama udiwani anautaka, ninaweza kumwombea nafasi ndani ya Chama, mlango wa mbele, bila makelele.

Nisalimie Mama. Mwambie nakuja karibuni.

Mdogo wako,
Wakili

•

Alhamisi, 20 Machi

Wakili,

Kaa chini usome.

Jumatatu Kofia amepita nyumba kwa nyumba. Huyu ni katibu wa tawi la Chama, yule asiyevua kofia yake ya kijani hata msibani, na alikuja na vijana wawili wenye daftari. Aliingia kwa Mama kwanza. Kisha kwa jirani wa Mama. Kisha kwa mke wa seremala. Siku ya kwanza aliwamaliza watu kumi, na jioni nilipokaa kuwahesabu nikaona: walikuwa namba moja mpaka namba kumi, kwa mpangilio uleule nilioupiga mimi kwenye mashine. Hakuruka mlango hata mmoja. Jumanne, kumi na moja mpaka ishirini na tano.

Hapigi mtu, hatukani mtu. Anakaa, anaomba maji, anakusomea namba yako ya kadi ya kura bila kuangalia kadi yako, halafu anauliza, "Hii ni ya kwako, siyo?" Basi. Anaondoka.

Fundi viatu ameambiwa na watu wa soko kibanda chake kiko mahali pabaya. Kiko pale miaka kumi na tisa. Mwenye genge alikuja hapa dukani mchana, wateja wamejaa, akaniambia mbele yao, "Ulisema haitoki mikononi mwako." Nilizima mashine nikafunga duka saa nane mchana, kitu ambacho sijafanya tangu msiba wa shangazi.

Nakala ziko tatu. Moja iko kabatini kwangu, nimeigusa asubuhi hii. Moja iko kwa Mkunga, nimeiona kwa macho. Ya tatu iko kwako. Nani hapo ofisini kwako ana mkono mrefu? Mtafute, umwajibishe, na unijibu upesi. Watu wananipita barabarani kama hawanijui.

Dada yako

•

Jumatatu, 24 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako imenikata maini.

Nimefanya uchunguzi. Inaelekea karatasi zilichukuliwa mezani kwangu nikiwa kikaoni. Ofisi hizi tunachangia watu wanne, kila mtu anaingia na kutoka. Msaidizi wangu nimemhamishia kitengo kingine. Nasikitika mno, na nakuomba uwaambie majirani kwamba jambo hili nalishughulikia mwenyewe.

Sasa ni bora uyajue kwangu kuliko redioni. Umeletwa muswada wa kubadili katiba. Mgombea binafsi anaondolewa. Anayetaka kura, awe diwani, awe mbunge, awe yeyote, lazima adhaminiwe na chama. Kura inapigwa Jumatano, tarehe 2 Aprili. Bado sijasema nitapiga vipi, na wako wengi kama mimi.

Nakuapia kwa baba aliye kaburini, jina la mtu wako hata mmoja halitatumiwa vibaya.

Mdogo wako,
Wakili

•

Jumamosi, 29 Machi

Mheshimiwa,

Shikamoo yako nimeipokea. Marahaba sijaamua kama nitakupa.

Jana mwalimu wa uraia wa sekondari alileta kitabu kikubwa nimtolee kopi tatu. Taarifa ya kamati ya katiba, maoni ya wananchi. Unajua kazi yangu: mtu hasomi, anafunua, analaza, anafunika, anabonyeza. Nimefanya hivyo kurasa mia mbili na mbili. Wa mia mbili na tatu nikaulaza kwenye kioo na mkono ukagoma kushusha kifuniko.

Kiambatisho namba tisa. "Wananchi mia tatu na kumi na wawili wanaoomba mgombea binafsi aondolewe katika katiba." Chini yake orodha yangu, kurasa kumi. Mashine yangu, herufi zangu. Na pembeni, kwa mwandiko wangu wa penseli, umetoka vizuri sana, waliochapa wana mashine nzuri kuliko yangu: "Wakili, huyu kahama, anafaa?" Na mbele yake mwandiko wako, kwa kalamu: "Anafaa."

Hawakujisumbua hata kufuta. Hiyo ndiyo imeniuma kama msumari, kwamba hawakuona haja ya kufuta.

Nilitaka bado kukutetea. Nilikaa kwenye kiti nikajiambia, kaibiwa huyu, kasema kaibiwa. Kisha nikasoma mstari wa mwisho: "Imewasilishwa na mheshimiwa mbunge wa jimbo, tarehe 10 Machi." Na muhuri wako. Tarehe 9 ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, msiwe na haraka, nataka kuipitia kwa utulivu. Tarehe 10 ukawauza. Tarehe 24 ukaniapia kwa baba. Na yule mama wa watu umemhamisha kwa kosa lako!

Watu walioweka dole ili wawe na mgombea wao, umewageuza kuwa ndio waliomkataa. Hata mwizi wa kuku hamlazimishi mwenye kuku aseme alimpa.

Halafu kuna ukurasa wa mia mbili na kumi na tatu. "Mama mmoja mkazi wa kata hiyo, wa kwanza kutia sahihi, aliiambia kamati: Mgombea asiye na chama ni sawa na mtoto asiye na baba, hana adabu wala kwao." Mama! Mama yako, ambaye baba alimwachia wewe una miaka minne na mimi kumi na mmoja, ndiye aliyesema mtoto asiye na baba hana kwao? Nani alikaa akatunga hayo? Kama ni wewe, sema. Kama si wewe, uliyasoma na ukayaacha.

Nasikia hasira mpaka meno yanauma. Lakini nitakuambia unachoweza kufanya, na ni kimoja tu. Jumatano, kabla ya kura, simama. Sema majina haya yalikuwa ya kumdhamini Mkunga, yaliletwa kwa hila, yaondolewe. Maneno mawili matatu. Hiyo ndiyo nafasi yako ya kurudi kwenye macho ya watu hawa, na kwenye macho yangu. Mama bado sijamsomea.

Aliyekuwa mkono wako mwingine

•

Jumatatu, 31 Machi

Dada,

Sina pa kujificha, kwa hiyo sijifichi.

Kofia aliwaandikia makao makuu tangu mwezi wa pili kwamba kwenu kuna orodha inazunguka. Walijua ni ya dada yangu kabla hata hujanitumia. Mnadhimu wa Chama, yule anayetuhesabu kama mbuzi kabla ya kila kura, aliniita ofisini kwake. Hakunitisha. Aliniwekea soda, akanifunulia katiba, ileile niliyokuwa nawahutubia mezani, akaniwekea kidole kwenye ibara: mbunge akipoteza uanachama wa chama chake, amepoteza kiti. Akaniuliza familia yangu iko upande gani. Nilikuwa na orodha kwenye mkoba. Nilijiambia wataihesabu tu, waone idadi, kisha wairudishe. Nilijua ni uongo wakati naitoa.

Maneno ya Mama sikuyatunga mimi. Nililetewa rasimu niisome, nikaiona sentensi ile, nikatia sahihi. Hilo sina maelezo yake.

Unaniuliza mwajiri wangu ni nani, hujaandika hivyo lakini nimekusikia. Mlinipa kura elfu thelathini. Watu kumi na mmoja wakiketi kwenye chumba kimoja wanaweza kunifukuza kesho, na elfu thelathini hao hawaulizwi. Hivyo ndivyo ilivyo. Nilidhani nikiwa ndani nitaibadilisha.

Jumatano nitasimama. Nimeshaandika nitakachosema, nusu ukurasa. Sikiliza redio. Naomba tu usimwambie Mama kabla, nataka asikie kwangu mwenyewe.

Mdogo wako

•

Alhamisi, 3 Aprili

Mheshimiwa,

Tulisikiliza.

Niliweka redio juu ya mashine ya kopi. Mkunga alikuja na sare yake ya kazi. Fundi viatu alikuja, mwenye genge alikuja akasimama mlangoni, hakuingia lakini alikuja. Niliwaambia mdogo wangu leo anasema. Ndiyo, niliwaambia! Mama nilimweka kwenye kiti cha wateja.

Kura za majina zinachukua muda. Nusu saa nzima ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama watoto wanafundishwa kusoma. Lilipotajwa jimbo letu nilinyanyua mkono watu wanyamaze.

"Ndiyo, Mheshimiwa Spika."

Hukukohoa. Hukusita. Sauti ilikuwa nzuri, ile uliyokuwa unaifanyia mazoezi chooni. Spika akaendelea na jimbo lingine.

Hakuna aliyenisema. Fundi viatu alichukua chombo chake cha gundi akaondoka. Mwenye genge aliniangalia kwa huruma, na afadhali angenitukana. Mama akaniuliza, "Kwisha?" Nikamwambia imekwisha. Ndipo nikamsomea ukurasa wa mia mbili na kumi na tatu, neno kwa neno. Alinitaka nirudie mara mbili.

Mkunga anakwenda mahakama kuu. Amepata mwanasheria, mwanamke, wa kweli. Anasema muswada umesimama juu ya maoni ya wananchi ambayo hayakutolewa na wananchi, na ili kuthibitisha hilo anahitaji viapo vya wenye majina. Kuanzia leo jioni napita nyumba kwa nyumba. Nitaanza na kuomba msamaha, kisha nitaomba sahihi. Kwenye kiapo changu nimeandika nilimpa nani ile nakala, siku gani, na kwa nini nilimwamini.

Dada wa namba 1 mpaka 312

•

Ijumaa, 11 Aprili

Dada,

Una haki ya kunichukia. Huna haki ya kunimaliza.

Nilikuwa na karatasi mfukoni, naapa, na siapi tena kwa mtu. Mnadhimu alikaa nyuma yangu kiti kwa kiti. Waliosimama kusema hapana walikuwa wawili, na jioni ileile walikuwa wameshavuliwa uanachama, viti vimekwisha, majimbo yao hayana mbunge. Hiyo imewasaidia nini watu wao?

Na acha nikuambie jambo ambalo hamtaki kulisikia huko. Mliponichagua mlichagua nini? Ulikuwepo. Watu walitafuta nembo ya Chama kwenye karatasi wakaweka alama, uso wangu hawakuutazama. Angesimama mbuzi kwenye nembo ile angeshinda. Leo mnashangaa kwamba mimi ni mtu wa Chama! Mlinitengeneza ninyi, mkanipigia vigelegele.

Jina langu likiingia mahakamani nimekwisha. Kuna nafasi naizungumzia huku, ya naibu waziri, nikiipata zahanati yenu itapanuliwa kabla ya mwaka. Mkunga naweza kumtafutia kiti cha kuteuliwa. Kibanda cha fundi viatu nitakinusuru kwa simu moja. Ondoa aya moja tu kwenye kiapo chako.

Na usimburute Mama. Umri wake haufai mahakamani. Hata hivyo mtapata watu wangapi wa kuapa? Kumi? Kofia bado anapita.

Mdogo wako, upende usipende

•

Jumatatu, 30 Juni

Wakili,

Nimekaa na barua yako miezi miwili na nusu kwa sababu lile la nembo ni kweli, na nilikuchukia zaidi kwa kuwa ni kweli. Niliweka alama yangu bila kusoma ulichoahidi. Nilikuwa naona fahari tu. Nimewaambia watu hivyo milangoni, kwamba nami nimo kwenye kosa hili, na wengi walisema hata sisi. Mke wa seremala alisema safari nyingine atakwenda na miwani.

Aya sikuiondoa.

Umeuliza tutapata wangapi. Mia moja tisini na saba. Waliobaki wamekataa na siwalaumu, wana watoto na wana vibanda. Mwenye genge alikataa mara nne. Mara ya tano alikuja mwenyewe dukani, akaapa, akaniambia bado hajanisamehe. Kofia alinipita siku moja nikiwa naingia nyumba namba 60, yeye akitoka, tukapishana mlangoni kama watu wa bima wanaogombea mteja.

Ijumaa iliyopita Mama alipanda kizimbani. Sikumburuta. Alijivalisha tangu saa kumi na moja alfajiri, akanigombeza kwamba nachelewa.

Mwanasheria wa serikali ni mtu mpole, sauti ya chini. Akamsomea maneno ya ukurasa ule akamuuliza kama ni yake. Mama akasema si yake. Akamwambia, "Mama, umri umekwenda, pengine ulimwambia mheshimiwa mbunge ukasahau." Mama akamjibu, "Miaka miwili hajakanyaga kwangu. Ningemwambia saa ngapi?" Watu wakacheka mpaka jaji akagonga meza. Mama hakucheka.

Ndipo yule mpole akauliza, nadhani hakuwa amesoma majalada yake vizuri, "Kwani huyu mheshimiwa wewe unamfahamu vipi?"

Mama akasema, "Nilimzaa."

Jaji alivua miwani. Akamweleza Mama taratibu kwamba kwa kuwa ni mzazi, kama anaona uzito, anaweza kuomba ushahidi wake usitaje jina la mbunge, mahakama itaelewa. Mama aliuliza kama wale wengine mia moja tisini na sita nao wamepewa ruhusa hiyo. Jaji akasema hapana. Mama akasema basi na yeye hapana, waandike jina lake na la mwanawe, yote mawili, kwa ukamilifu.

Umeitwa utoe ushahidi tarehe 14 Julai, saa tatu asubuhi. Hati utaletewa na karani, si na mimi. Sijui utasema nini na nimeacha kukisia.

Mama ameniagiza nikuandikie hili, na ameniambia nisipunguze neno. Chumba chako ameshakifagia. Siku hiyo usilale hotelini kama mgeni, ulale kwake, atakuamsha mapema unywe chai. Mtatoka pamoja. Mkifika mahakamani wewe utakwenda kukaa na wenzako, na yeye atakuja kukaa upande wetu.

Dada yako